Masomo ya Kila Siku na Watakatifu Wake

Mtu asafiriye kwa gari la moshi kutoka Kilosa kwenda Dodoma huufuata mto Mkondoa katikati ya milima, na njiani hupita stesheni ya Kidete. Nchi hii ni ya mabonde na vilima, na vijiji vyake vimetawanyika. Masika yakija, mito hujaa na njia hukatika. Katika nchi ya namna hii si rahisi padre afike katika kila kigango kila Jumapili. Huja kwa zamu, na siku ambazo hayupo, katekista ndiye awakusanyaye watu, akawasomea masomo na kuwaongoza katika sala. Na siku za kazi, wakati katekista naye yuko shambani kwake, wamo watu ambao hufungua kitabu nyumbani mwao alfajiri, au jioni mbele ya taa, wakasoma masomo ya siku ile na habari za mtakatifu wake.

Leo twataka kueleza asili ya desturi hiyo, kwa kuwa wengi huifuata bila ya kujua ilivyopangwa. Ni nani aliyeyaweka masomo haya katika siku zake? Kwa nini wiki hii tusome Marko na si Luka? Kwa nini mtakatifu huyu akumbukwe tarehe hii na si nyingine? Na tena, mtu akisoma nyumbani kwake, pasipo padre wa kumweleza, je, kusoma kwake kwafaa neno? Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, nalo jibu lake tutalipata katika habari za Mashahidi wa Uganda. Lakini kwanza yatupasa kuifahamu kalenda yenyewe.

Tangu mwaka 1570, Papa Pius wa Tano alipotoa kitabu cha Misa kwa Kanisa la Roma, masomo ya Jumapili yalikuwa yakirudi yale yale kila mwaka, na sehemu kubwa ya Agano la Kale haikusikika kanisani siku ya Jumapili. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, uliokutana kuanzia mwaka 1962 hata 1965, uliagiza kwamba hazina ya Maandiko ifunguliwe zaidi, ili waumini wapate kusikia sehemu iliyo kubwa katika muda wa miaka michache. Mpango mpya ulitolewa mwaka 1969, ukaanza kutumika Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba mwaka huo. Ndio tuutumiao hata sasa.

Katika mpango huu Jumapili zimegawanywa katika miaka mitatu, nayo yaitwa mwaka A, mwaka B na mwaka C. Mwaka A husomwa Injili ya Mathayo, mwaka B ya Marko, na mwaka C ya Luka. Yohane hakupewa mwaka wake mwenyewe, lakini hakusahauliwa: yeye husomwa zaidi katika siku za Kwaresima na za Pasaka, na kwa kuwa Injili ya Marko ni fupi, katika mwaka B Jumapili tano hupewa Yohane, tusikie maneno ya Bwana juu ya mkate wa uzima.

Mwanafunzi wa shule aweza kuujua mwaka bila ya kumwuliza mtu. Na agawanye mwaka kwa tatu. Pasipobaki kitu, ni mwaka C. Ikibaki moja, ni mwaka A. Zikibaki mbili, ni mwaka B. Au, kwa njia iliyo nyepesi zaidi, ajumlishe tarakimu za mwaka kisha agawanye jumla hiyo. Mathalani, 2025: mbili na sifuri na mbili na tano ni tisa, nayo tisa kwa tatu haibakizi kitu, basi ulikuwa mwaka C. Mwaka 2026 jumla yake ni kumi, yabaki moja. Ni mwaka A. Jambo moja tu alikumbuke: mwaka wa Kanisa hauanzi Januari, huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kwa hiyo siku za Majilio huhesabiwa katika mwaka unaokuja.

Siku za juma zina hesabu nyingine. Katika kipindi cha kawaida, Injili za siku hizo hurudi zile zile kila mwaka: Marko tangu juma la kwanza hata la tisa, Mathayo tangu la kumi hata la ishirini na moja, na Luka tangu la ishirini na mbili hata la thelathini na nne. Bali somo la kwanza lina miaka miwili: mwaka wa kwanza ni ule wa namba witiri, na wa pili ni ule wa namba shufwa. Ndiyo sababu mtu aliyesoma barua fulani ya Mtume Paulo mwaka jana aweza kukuta mwaka huu, katika juma lile lile, somo la kwanza limebadilika na Injili ni ile ile.

Faida ya mpango huu ni nini? Ni kwamba msomaji hajichagulii. Mtu akiachiwa achague, atasoma kila siku maneno yale ayapendayo, na yale yanayomwonya atayaruka. Aliyegombana na jirani yake hatatafuta sura isemayo juu ya kusamehe. Kalenda humletea sura ile, atake asitake. Tena wako watu ambao hufungua kitabu kwa kubahatisha, wakaweka kidole pasipo kutazama, wakadhani kwamba mstari ule umewatabiria safari au ugonjwa. Jambo hilo si kusoma Maandiko. Ni kupiga ramli, ila kitabu kimeshika mahali pa ubao.

Sasa tuje kwa watakatifu. Kalenda ya Kanisa ina hesabu mbili zilizosukwa pamoja. Moja hufuata mwezi wa angani. Wasomaji wetu wengi wanao majirani Waislamu, nao wajua jinsi mwezi unavyotazamiwa kwa ajili ya Ramadhani. Pasaka nayo haiachi kuutazama mwezi, ingawa kwa njia nyingine: ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu uangukao tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi, wala haipiti tarehe 25 Aprili. Na Jumatano ya Majivu, Kupaa Bwana na Pentekoste husogea pamoja nayo. Hesabu ya pili ni ya tarehe zisizosogea, nayo ndiyo ya watakatifu.

Tarehe ya mtakatifu, mara nyingi, si siku aliyozaliwa. Ni siku aliyokufa. Desturi hii ni ya kale sana. Askofu Polikarpo wa Smirna alipouawa katika karne ya pili, Wakristo wa mji ule waliikusanya mifupa yake, wakaiweka mahali pa heshima, wakaazimu kukutana hapo kila mwaka siku ile, wakiihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Maana yao ilikuwa kwamba siku ile amezaliwa katika uzima usiokwisha. Hata leo Polikarpo hukumbukwa tarehe 23 Februari.

Siku zenyewe zina daraja. Iliyo kuu huitwa sherehe, ya pili ni sikukuu, na ya tatu ni kumbukumbu. Sherehe na sikukuu zina masomo yake. Siku ya kumbukumbu, kwa kawaida, masomo ya juma huendelea, na mtakatifu hutajwa katika sala, isipokuwa yale machache yaliyowekewa masomo maalum. Msomaji asiyeujua utaratibu huu huona kama kwamba kitabu kimekosea.

Hebu sasa tuchukue siku moja tuione jinsi mambo haya yanavyokutana. Tarehe 3 Juni ni siku ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Waliteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili, yaani siku ya mwisho kabisa iwezayo kuwa, na kwa hiyo siku waliyouawa ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Tangu hapo Kupaa Bwana kumesogea mbele na nyuma kwa kuufuata mwezi, bali siku ya mashahidi imebaki pale pale.

Mashahidi Wakatoliki waliotangazwa ni ishirini na wawili, nao hawakuuawa wote siku moja. Wa kwanza alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi katika nyumba ya Kabaka Mwanga. Alimwonya mfalme kwa sababu ya kuuawa Askofu Hannington wa Kianglikana, na kwa ajili ya matendo ambayo mfalme aliwataka vijana wa nyumba yake, nayo imani yao iliyakataza. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Wa mwisho, Yohane Maria Muzeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887. Tena yatupasa kukumbuka kwamba Wakristo wa Kianglikana nao waliuawa katika dhiki ile ile, na baadhi yao katika moto ule ule wa Namugongo.

Miongoni mwa masomo yaliyowekwa kwa siku hiyo ni habari za ndugu saba katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, waliokamatwa pamoja na mama yao, wakashurutishwa na mfalme kuvunja sheria ya Mungu, wakakataa mmoja baada ya mmoja; na Injili ni ile ya Heri, Bwana alipowafundisha watu mlimani. Msomaji akiyasoma masomo haya peke yake, huona habari ya zamani za Wayahudi. Akiyasoma pamoja na habari za Namugongo, huwaona vijana wa nyumba ya mfalme, wakubwa wakiwatia moyo wadogo, na Kizito, mdogo wao wote, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Hii ndiyo sababu ya kuyaweka mambo mawili katika siku moja: somo humweleza mtakatifu, na mtakatifu hulieleza somo.

Na sasa tulirudie swali letu kubwa. Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, baada ya kusafiri kutoka pwani ya Bagamoyo kwa njia za misafara. Wakaanza kufundisha, na mwaka 1880 wakawabatiza watu wa kwanza. Lakini mwezi wa Novemba 1882, kwa kuona hatari, waliondoka wote, wakavuka ziwa kwenda upande wa kusini, wakakaa Bukumbi karibu na Mwanza. Hawakurudi Buganda hata mwezi wa Julai 1885. Muda wa zaidi ya miaka miwili na nusu hapakuwa na padre, wala Misa, wala kitubio.

Mtu angalidhani kwamba kazi yote ingepotea, kwa kuwa waliobatizwa walikuwa wachache na wachanga katika imani. Haikuwa hivyo. Katika nyumba ya mfalme Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana akawafundisha aliyoyajua. Huko Mityana, mbali na mji wa mfalme, Matia Kalemba Mulumba aliwafundisha majirani, na pamoja naye Nowa Mawaggali aliyekuwa mfinyanzi. Walisali, wakarudia mafundisho waliyoyashika moyoni, wakasaidia wagonjwa, wakawaita wengine. Mapadre waliporudi walikuta wanaotaka ubatizo wameongezeka. Na usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, padre asipoweza kufika, Karoli Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi ya vijana, na Kizito kati yao, kabla ya kuitwa mbele ya mfalme.

Jambo jingine lafaa kutajwa. Katika Buganda ya siku zile Wakristo waliitwa wasomaji. Neno la Kiganda la kusoma lilichukua maana ya kusali na kuifuata dini, hata kusema kwamba mtu fulani anasoma kulitosha kumtambulisha kuwa Mkristo. Basi mtu aulizaye kama kusoma nyumbani pasipo padre kwafaa neno, na awatazame wasomaji hawa. Hatusemi kwamba padre si kitu. Wao wenyewe walimtamani padre, na aliporudi walimwendea. Twasema kwamba muda wa kumngojea haukuwa muda mtupu. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, maaskofu wa dunia nzima walipokuwa wamekusanyika katika Mtaguso.

Kwa watu wa Kilosa yuko mtakatifu mwingine ambaye habari zake zapaswa kueleweka upesi. Misafara ya watumwa na ya pembe ilipita katika nchi za Usagara kuelekea Bagamoyo. Huko Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawakomboa watumwa. Na baadhi ya jamaa za waliokombolewa walikuja bara pamoja nao walipofungua misheni ya Mhonda mwaka 1877. Sasa, tarehe 8 Februari Kanisa humkumbuka Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur katika Sudani karibu na mwaka 1869. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, hata jina alilopewa na wazazi wake akalisahau. Bakhita ni jina alilopewa na waliomwiba. Nalo ni la Kiarabu, lina asili moja na neno letu bahati. Alipelekwa Italia, na huko Venezia, mwaka 1889, baraza la hukumu lilitamka kwamba yu huru. Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa, akafa tarehe 8 Februari 1947. Alitangazwa kuwa mtakatifu mwaka 2000. Babu zetu walioiona minyororo ikipita wangalizielewa habari hizi kuliko sisi.

Hapa yafaa kutoa onyo moja. Habari za watakatifu si zote za namna moja. Nyingine zimeandikwa na watu walioona, na nyingine zilisimuliwa na kuongezwa katika karne nyingi. Kanisa lenyewe lilipoitengeneza kalenda mwaka 1969 liliwaondoa katika kalenda ya dunia nzima baadhi ya watakatifu wa kale ambao habari zao hazikujulikana kwa hakika, kama Kristofa na Barbara, likaacha mahali mahali waendelee kuwaheshimu. Wenye majina hayo wasifadhaike. Halikusema kwamba hawakuwako. Liliona vyema tu kwamba waumini wajengwe juu ya mambo yaliyo imara. Nasi tukisoma maisha ya mtakatifu, tusitafute maajabu peke yake. Tuulize: mtu huyu alikuwa na kazi gani, alijaribiwa na nini, alimtendeaje jirani yake?

Tena masomo ya siku huwa na nguvu zaidi wakati wa msiba. Siku za Noeli mwaka 2009, na mwanzo wa mwaka 2010, mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu wa Kilosa walizihama nyumba zao, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Jumatatu tarehe 28 Desemba 2009 kalenda ilionyesha siku ya Watoto Mashahidi, na Injili yake ni habari za Yosefu kuamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri, na kilio cha mama wa Bethlehemu. Masomo hayo hayakuchaguliwa kwa ajili ya gharika. Yalikuwa pale karne nyingi kabla mvua ile haijanyesha. Wala hayakusema kwamba mafuriko ni adhabu ya mtu yeyote. Bali mwenye kuyasoma akiwa katika hema, au sebuleni kwa jamaa, aliweza kuona kwamba jamaa ya Bwana mwenyewe ilipata kuhama usiku bila ya mzigo.

Tumalize kwa maneno machache juu ya namna ya kusoma nyumbani. Mwenye kusoma na alitazame somo tangu jana yake, ili asikwame katika majina magumu mbele ya watu. Asome pole pole, kisha watu wanyamaze kidogo, kisha somo lirudiwe, kwa kuwa mara ya kwanza masikio husikia sauti tu. Habari za mtakatifu zisomwe baada ya Injili, wala zisiichukulie nafasi. Mtoto ajuaye kusoma apewe zamu yake, hata kama atasitasita. Bibi yake asiyejua kusoma aulizwe amesikia nini, maana mara nyingi yeye ndiye aliyesikiliza vema. Kisha kila mmoja achague jambo moja la kufanya kabla ya jua kutua: kumtembelea mgonjwa, kulipa deni, kusalimiana na yule ambaye hawajasemezana tangu kiangazi. Na likiwako neno lisiloeleweka, lisitungiwe maana. Liandikwe katika karatasi na kuwekwa ndani ya kitabu, hata padre atakapokuja kigangoni, aulizwe.